Samaki wa sokoni: maswali matatu ya kumuuliza muuzaji kabla hujatoa pesa

Shinyanga haina ziwa. Maji ya Ziwa Victoria yalitufikia kwa bomba mwaka 2009, kupitia mradi mkubwa unaochota maji Ihelele, wilayani Misungwi, na kuyaleta Kahama na Shinyanga mjini. Samaki hawana bomba. Wao huja kwa barabara, ndani ya matenga, ndoo na maboksi, wakipandishwa kwenye Fuso, Noah, mabasi ya abiria na mwisho bodaboda hadi mezani kwa mama muuza samaki.

Kwa ndugu zetu wa mkoa wa Geita hali ni tofauti kidogo. Wao wana ziwa. Kuna mialo ya Nkome na Nungwe, na kule Chato kuna Muganza na Kasenda. Lakini anayeishi Katoro, Masumbwe au Ushirombo naye anategemea gari, kama sisi wa Shinyanga na Kahama. Na wote kwa pamoja tunaishi katika ukanda wa dhahabu, ambako karibu kila bonde lina makarasha, maduara na marundo ya marudio.

Ndiyo maana swali ambalo wasikilizaji hutuuliza mara kwa mara, "Nitamjuaje samaki mzuri?", linahitaji jibu refu kuliko lile lililozoeleka la "angalia macho". Macho ya samaki yanasema kweli, ila hayasemi yote. Hayakuambii kama leo asubuhi alikaa saa tano kwenye tenga bila barafu. Na hayakuambii kabisa kama alikua kwenye maji yenye zebaki.

Katika makala haya tunaeleza maswali matatu mafupi ambayo mnunuzi yeyote anaweza kumuuliza muuzaji: Amefika lini? Amelala wapi? Ametoka wapi? Baada ya hapo tutaingia kwenye mizani, na kisha jikoni.

Nani yuko mezani?

Kabla ya maswali, tujue tunayemnunua. Samaki wanaotawala masoko yetu ni watatu: sato, sangara na dagaa.

Sangara, na huyu sato tunayemla kwa wingi, hawakuwa wenyeji wa Ziwa Victoria. Waliingizwa ziwani na binadamu katika miaka ya 1950 na 1960. Wazee wetu wanakumbuka ngege, ningu na furu wa kila aina, ambao leo wamepungua sana. Furu wengi waliliwa na sangara, ambaye ni samaki mla samaki. Jambo hili la nani anamla nani tutalirudia, kwa sababu lina uzito mkubwa tukifika kwenye habari ya zebaki.

Mbali na hao watatu, utakutana na kambale, kamongo, gogogo, nembe na kuyu. Kambale na kamongo mara nyingi huuzwa wakiwa hai au wamebanikwa. Utakutana pia na mapanki, yaani mifupa ya sangara iliyobaki viwandani baada ya kutolewa minofu, na kayabo, ambaye ni sangara aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa. Siku hizi kuna pia sato wanaofugwa kwenye vizimba ndani ya ziwa, na vibua wa baharini wanaokuja wakiwa wamegandishwa.

Swali la kwanza: Amefika lini?

Barabara ya kutoka Mwanza hadi Shinyanga ina urefu wa zaidi ya kilomita 160. Kwa gari la mizigo, hayo ni mambo ya saa tatu hivi. Lakini safari ya samaki haianzii Mwanza. Sangara wengi huvuliwa mbali, pembezoni mwa visiwa kama Ukerewe, Kome na Maisome. Mvuvi hutega nyavu jioni na kuzitoa alfajiri. Mtumbwi wa kukusanya huzunguka kutoka kambi moja hadi nyingine, hujaza, kisha hurudi nchi kavu. Kwa hiyo samaki "wa leo" Shinyanga anaweza kuwa wa jana usiku, na pia anaweza kuwa wa siku tatu zilizopita.

Siku tatu si kosa. Sato au sangara aliyewekwa barafu tangu ndani ya mtumbwi hubaki mzuri kwa zaidi ya wiki moja. Tatizo ni samaki asiye na barafu. Kwenye joto letu la mchana, nyuzi 28 hadi 32, samaki mzima huharibika ndani ya siku moja au chini ya hapo. Mara tu samaki anapokufa, kinga ya mwili wake hukoma. Vijidudu vilivyoko kwenye matumbo, matamvua na ngozi huanza kuila nyama, na kila joto linapopanda huzaliana kwa kasi zaidi. Barafu haiui vijidudu hivyo, ila huvipunguzia mwendo.

Kwa hiyo ukiuliza "Amefika lini?" unataka kujua mambo mawili: gari liliingia saa ngapi, na samaki huyu ni wa mzigo wa leo au ni masalia ya jana. Muuzaji mwaminifu hukuonyesha mafungu mawili na bei mbili. Anayekuambia kila samaki mezani ni wa leo, saa kumi jioni, mwombe akufungulie tamvua moja.

Kuna na kalenda ya mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi vizuri usiku wa giza. Mbalamwezi ikitanda, wavuvi wa dagaa hupumzika kwa siku kadhaa. Siku hizo dagaa hupungua sokoni na bei hupanda, na dagaa wa zamani nao hutolewa stoo. Mama wa nyumbani anayefuata mwezi hununua dagaa wa akiba wakati wa giza, wakiwa wapya na bei ikiwa chini.

Swali la pili: Amelala wapi?

Hapa unauliza habari za barafu. Katika maeneo ya joto kama yetu, kipimo kizuri ni karibu kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na maji ya barafu iliyoyeyuka yapate pa kutokea. Samaki anayeelea kwenye maji mekundu ya uvuguvugu ndani ya ndoo hayuko kwenye barafu, hata kama kuna vipande viwili vitatu juu yake.

Ukiwa mezani, tumia mkono, pua na macho, kwa mpangilio huu.

Anza na mkono. Mguse samaki. Awe wa baridi. Mbonyeze kwa kidole kwenye nyama nene ya mgongoni. Nyama nzuri hurudi palepale. Ikibaki na shimo la kidole, huyo amechoka.

Kisha matamvua, ambayo wengi huyaita mashavu. Yainue. Yanatakiwa yawe mekundu na maangavu, yenye ute mwembamba. Yakiwa ya kahawia au kijivu, yenye ute mzito unaonata, mwache.

Tumbo nalo husema. Sehemu ya kwanza kuoza ni matumbo. Tumbo lililolegea, lililopasuka lenyewe au lenye rangi ya kijani karibu na mbavu ni dalili ya saa nyingi bila barafu.

Macho ya samaki mpya yametuna na ni maangavu. Yakiwa yamezama na yana ukungu, ni dalili mbaya, ingawa barafu inayogusa jicho moja kwa moja huweza kulifanya kuwa na ukungu hata kwa samaki mzuri. Ndiyo maana hatuanzi na macho.

Mwisho pua. Tofautisha shombo na uvundo. Shombo ni harufu ya kawaida ya samaki, ya maji na ya ziwa. Uvundo ni harufu kali inayochoma pua, karibu na ile ya mkojo. Ndimu huondoa harufu hiyo kwa muda, ila haimrudishi samaki alikotoka. Samaki aliyepakwa ndimu au kusuguliwa chumvi kabla hajauzwa, mchunguze mara mbili.

Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwenye tenga, methali hii ni kweli tupu. Samaki mmoja aliyepasuka tumbo huwachuruzikia walio chini yake. Kwa hiyo usitazame aliyepangwa juu peke yake. Omba uonyeshwe wa katikati.

Vipi kuhusu samaki aliyekwisha kukaangwa? Ni vyema kujua kwamba wauzaji wengi hukaanga wale ambao hawakuuzika wabichi. Si kosa kufanya hivyo mapema, samaki akiwa bado mzima. Kosa ni kukaanga aliyekwisha kuharibika. Mafuta ya moto huua vijidudu lakini si kila sumu ambayo vijidudu vimeiacha. Mvunje kidogo karibu na mbavu, unuse ndani. Nyama ikiwa imekuwa kama uji au ikiacha uchungu kwenye ulimi, usinunue.

Kwa vibua tahadhari ni kubwa zaidi. Samaki wa jamii hiyo akikaa kwenye joto hutengeneza sumu inayoleta mwasho, uso kuwa mwekundu, kuumwa kichwa na kutapika, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Mnunue akiwa bado ameganda. Ukimkuta amepinda, au damu imeganda chini ya boksi, inawezekana aliyeyuka akagandishwa tena.

Na ile hofu ya dawa ya kuhifadhia maiti? Dawa hiyo hairuhusiwi kwenye chakula, na anayeshuku ana haki ya kuuliza. Lakini kutokuwapo kwa inzi si ushahidi: meza yenye barafu ya kutosha na iliyosafishwa nayo haina inzi wengi. Uthibitisho hupatikana maabara. Ukishuku, mwone afisa uvuvi au afisa afya wa kata. Wao ndio wenye mamlaka ya kuchukua sampuli, na Mwanza kuna maabara ya taifa ya ubora wa samaki, pale Nyegezi.

Swali la tatu: Ametoka wapi?

Swali hili huulizwa na wachache, na katika ukanda wetu ndilo kubwa kuliko yote.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki kukamata punje za dhahabu kutoka kwenye mchanga uliosagwa. Kisha mchanganyiko ule huchomwa, zebaki inapaa kama mvuke na dhahabu inabaki. Sehemu ya zebaki humwagika na maji ya kuoshea na kuingia kwenye tope la mabwawa, madimbwi na vijito. Ile iliyopaa nayo hurudi ardhini, karibu au mbali.

Ndani ya tope, vijidudu huigeuza zebaki kuwa aina nyingine inayoingia kwa urahisi kwenye miili ya viumbe. Kiumbe mdogo huibeba kidogo. Samaki mdogo hula viumbe wengi, samaki mkubwa hula samaki wadogo wengi, na kila hatua zebaki huongezeka. Ndiyo maana tulisema nani anamla nani ni jambo zito. Samaki mla samaki, mwenye umri mkubwa, huwa na zebaki zaidi kuliko dagaa au sato waliotoka kwenye maji yaleyale.

Ulimwengu ulijifunza somo hili kwa uchungu huko Minamata, Japani, ambako mwaka 1956 ulitambuliwa rasmi ugonjwa uliowapata watu waliokula samaki wa ghuba iliyomwagiwa zebaki ya kiwandani. Watu walitetemeka, wakapoteza uwezo wa kuona na kutembea, na watoto walizaliwa na ulemavu. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, umepewa jina la mji huo. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Je, samaki wa Ziwa Victoria ni hatari? Hapana, na tunalisema hili kwa uwazi ili mtu asiache kula samaki kwa hofu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wataalamu walipima samaki wa eneo la Rwamagasa, mkoani Geita, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki. Samaki wa Ghuba ya Nungwe, yaani wa ziwani, walikutwa chini ya kiwango cha miligramu 0.5 za zebaki kwa kilo, kinachotumika kimataifa. Hali ilikuwa tofauti kwa samaki waliovuliwa karibu na machimbo yenyewe. Baadhi yao walizidi kiwango hicho.

Tofauti hiyo ndiyo inayotuhusu. Ziwa ni kubwa, lina karibu kilomita za mraba 68,800, na zebaki inayoingia hutawanyika. Dimbwi la mgodini ni dogo, na tope lake halina pa kwenda.

Sasa fikiria kambale. Kambale huishi kwenye tope, hula karibu kila kitu, huvumilia maji machafu ambayo sato hawezi, na huishi miaka mingi. Masika yakija, mashimo ya zamani ya wachimbaji hujaa maji, na baada ya muda vijana huanza kuvua humo. Kambale huyo ni mnene, yuko hai, bei yake ni ndogo. Kwa vipimo vyote vya macho, pua na mkono, ni samaki mpya kuliko wote sokoni. Na bado anaweza kuwa ndiye mwenye madhara kuliko wote.

Jambo baya zaidi ni kwamba hakuna dawa ya jikoni. Zebaki iliyo kwenye nyama ya samaki haitoki kwa kuchemsha, kukaanga, kubanika, kuloweka kwenye ndimu wala kumwaga maji ya kwanza. Imeshikamana na nyama yenyewe. Kinga pekee ni kule sokoni, kwa kuuliza ametoka wapi.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Kambale wa mto au bwawa lisilo na uchimbaji juu yake ni chakula kizuri. Kambale wa shimo la mgodi, wa kijito kinachopita kwenye makarasha, au wa bwawa la kuoshea mchanga, usimnunue, hata akiwa anarukaruka. Muuzaji asiyetaka kusema amemtoa wapi, amekwisha kukujibu.

Samaki aliyekutwa anaelea amekufa naye asiliwe. Baadhi ya mitambo ya kuchenjua dhahabu hutumia sayanaidi, ambayo ikivuja huua samaki mara moja. Na wapo wavuvi haramu wanaotumia sumu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisitisha kununua samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya uvuvi wa aina hiyo. Kama Ulaya waliogopa kutoka mbali kiasi kile, nasi tulio karibu tuna sababu ya kuuliza.

Mama mjamzito, anayenyonyesha na watoto wadogo wanahitaji samaki kuliko mtu yeyote, kwa sababu ya protini na mafuta yanayojenga ubongo. Kwao, chaguo bora ni dagaa na sato wa ziwani. Dagaa wakiliwa wazima pamoja na mifupa yao huleta pia madini ya chokaa na chuma. Sangara mkubwa sana asiwe chakula chao cha kila siku.

Na neno moja kwa familia za wachimbaji: karai lililooshewa dhahabu lisiingie jikoni. Lisioshewe samaki, lisilowekewe dagaa, hata likisuguliwa kwa jivu na sabuni. Na zebaki isichomwe nyumbani. Mvuke wake ni hatari ya karibu zaidi kuliko samaki yeyote.

Mizani, fungu na rula

Samaki wakubwa huuzwa kwa kilo, wadogo kwa fungu, dagaa kwa sado au kopo. Mizani ya biashara inatakiwa kuwa imehakikiwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika. Iangalie stika. Angalia pia kama mshale uko kwenye sifuri kabla samaki hajawekwa, na kama chombo cha plastiki kimehesabiwa.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme kilo ya sato mzima ni shilingi 10,000 na kilo ya minofu ya sangara ni shilingi 18,000. Minofu inaonekana ghali. Lakini ukitoa magamba, matumbo, kichwa na mifupa, nyama ya sato inayobaki ni nusu ya uzito au pungufu. Kwa hiyo kilo moja ya nyama tupu imekugharimu shilingi 20,000 au zaidi. Ukipika kichwa na mifupa kwa supu, sato anarudisha faida yake. Ukivitupa, minofu ni nafuu. Bei za sokoni kwako zitakuwa nyingine, lakini hesabu ni ileile.

Kuna pia urefu. Kanuni za uvuvi zinakataza sangara aliye chini ya sentimita 50 na sato aliye chini ya sentimita 25. Mwaka 2018 maafisa walipoingia na rula hadi kwenye mgahawa wa Bunge Dodoma, nchi nzima ilicheka na wabunge wakalalamika. Lakini sababu ya kanuni si kichekesho: samaki wa chini ya hapo kwa kawaida hajazaa. Huna haja ya rula. Shibiri moja ya mtu mzima na vidole viwili inakaribia sentimita 25. Dhiraa moja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na kidogo juu yake, inakaribia sentimita 50. Fungu la sato wadogo kama kiganja ni rahisi leo kwa sababu linakula samaki wa mwakani. Kisiwa cha Rubondo, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, kinasaidia kuwapa samaki mahali pa kuzaliana bila nyavu. Lakini hifadhi moja haiwezi kuwaokoa wale tunaowanunua wachanga.

Dagaa wana mtihani wao

Dagaa wazuri hung'aa kama fedha, ni wakavu, na ukimvunja mmoja hukatika kwa mlio. Dagaa wa rangi ya kahawia iliyofifia, wenye unyevu au vumbi la ukungu, walinyeshewa au walianikwa chini siku za mawingu. Chota kiganja kimoja kutoka chini ya gunia, uwapepete. Mchanga ukibaki kiganjani, walianikwa mchangani, na mchanga huo unaulipia. Waliokaushwa kwenye chanja au nyavu huwa na bei ya juu kidogo, lakini hakuna kinachotupwa.

Mpaka jikoni

Mnunue samaki mwisho, baada ya nyanya, vitunguu na unga. Beba chombo chenye mfuniko, na omba vipande vya barafu hata kama nyumbani ni karibu. Usimwache kwenye mfuko mweusi juani wakati unasubiri daladala au bajaji.

Ukifika, mshughulikie mara moja. Mparue magamba kutoka mkiani kwenda kichwani, pasua tumbo kwa uangalifu bila kukata nyongo, toa matumbo na matamvua, kisha suuza kwa maji safi ya baridi hadi damu ya kwenye uti wa mgongo iishe. Nyongo ikipasuka, suuza haraka kabla uchungu haujaingia. Kisu na ubao uliotumika vioshwe kwa sabuni kabla ya kukatia kachumbari.

Kwa supu ya sato, samaki mpya hahitaji mengi. Kaanga kitunguu kidogo, weka nyanya, tangawizi na chumvi, ongeza maji, yakichemka mweke samaki na umwache kwa moto mdogo dakika 15 hivi. Ameiva nyama inapokuwa nyeupe isiyopitisha mwanga na inapoachana na mfupa. Bamia chache na ndimu ya mwishoni, na ugali wa mtama au wa muhogo, mambo yamekamilika. Ndimu hapo ni kwa ladha, maana samaki mpya hana cha kufichwa.

Dagaa waloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache, uwachote kwa mkono badala ya kumimina, ili mchanga ubaki chini. Rudia hadi maji yawe safi. Kisha wakaange wakauke kabla ya kuweka nyanya, au uwapike kwa karanga zilizosagwa.

Kama huna friji, nunua wa siku moja tu, na aliyebaki mkaange akauke vizuri jioni ileile, umfunike mbali na inzi, na umpashe moto hadi ndani kabla ya kuliwa asubuhi. Kama una friza, mgandishe akiwa ameshasafishwa, kwa vipande vya mlo mmoja, kwa sababu ukishamyeyusha hafai kugandishwa tena. Umeme ukikatika, usifungue mlango: friza iliyojaa hubaki na ubaridi siku nzima.

Soko hubadilishwa na wanunuzi

Tumeona katika masoko yetu kwamba muuzaji huleta kile kinachoulizwa. Wanunuzi walipoanza kudai sado iliyojaa, wauzaji walijaza sado. Wakianza kuuliza barafu, mwenye barafu atauza zaidi. Na siku mama kumi mfululizo watakapokataa kambale kwa sababu hajulikani ametoka dimbwi gani, yule anayemvua kwenye shimo la mgodi atakosa mteja, na mtoto ambaye angemla atakuwa amepona bila hata kujua.

Kwa hiyo kesho asubuhi ukiinama juu ya meza ya samaki, iwe Kahama, Katoro au Shinyanga mjini, msalimie vizuri mama muuza samaki, kisha muulize kwa utaratibu: Amefika lini? Amelala wapi? Ametoka wapi? Anayejua biashara yake hatakasirika. Atakujibu huku akikupimia.